Matone, miwani au jua la alasiri: kisa cha mtoto wa Lamu asiyeona mbali

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wapimaji macho, matabibu na walimu wa pwani wanaokutana na watoto ambao namba ya miwani hupanda kila wanapopimwa. Wazazi wameridhia kiandikwe. Jina, mtaa na mambo yasiyogusa matibabu yameondolewa au kubadilishwa.

Mtoto na nyumba yake

Tutamwita Z. Alikuwa na miaka minane, darasa la tatu, alipoletwa kwenye kliniki yetu Malindi na mama yake na bibi yake. Siku yake ilikuwa kama ya watoto wengi wa Lamu: asubuhi shule, alasiri chuo (madrasa), na baada ya isha kazi ya nyumbani pamoja na simu ya mama. Mwalimu wa chuo ndiye aliyemgundua, kwa kuwa akisoma alikuwa anausogeza msahafu hadi pua inakaribia kugusa ukurasa. Shuleni hakuna aliyelalamika. Z. alikuwa hodari wa kunakili kutoka daftari la jirani badala ya ubaoni, na alama zake zilikuwa nzuri. Mtoto anayefeli hupelekwa kupimwa macho. Anayefaulu huachwa, na wengi wa namna hii huchelewa kuonekana.

Haikuwa mara yake ya kwanza kupimwa. Mwaka mmoja na miezi miwili kabla, duka moja la miwani lilimpima bila kumtia matone ya kulegeza macho, likapata −1.25 macho yote mawili (alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali, na namba ikiwa kubwa tatizo ni kubwa), kisha likampa miwani ya −0.75 ili macho "yajifanyie kazi". Bibi aliupenda uamuzi ule. "Mtoto akizoeshwa miwani, mato [macho] hulegea," alituambia, na hata hiyo miwani dhaifu alikuwa akimvua Z. mara tu anaporudi shule.

Baba hakuweza kuja. Alizungumza nasi kwa simu. Yeye huvaa miwani ya −7.50, na jicho lake la kushoto retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) ilibanduka akiwa kijana. Alifanyiwa upasuaji lakini jicho halikurudi kama lilivyokuwa. "Daktari, mimi jicho moja limeshakwenda," alisema. "Huyu binti nataka ashikwe mapema."

Tulichopima

Tulimtia saiklopentoleti, matone ya kulegeza macho, tukasubiri nusu saa ili msuli unaorekebisha lenzi ya jicho ulegee, ndipo tukapima. Kulia −2.50, kushoto −2.25. Tukiangalia karatasi ya duka, namba ilikuwa imepanda kwa dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 1.25 jicho la kulia. Huenda kupanda kwenyewe kulikuwa kukubwa zaidi, kwa sababu mtoto akipimwa bila matone hukaza macho na mashine husoma namba kubwa kuliko ya kweli. Kwa hiyo namba ya kweli wakati ule pengine ilikuwa ndogo kuliko hiyo −1.25.

Umbo la konea, kioo cha mbele cha jicho, lilikuwa la kawaida, na retina, tulipoichungulia hadi pembezoni, haikuwa na tundu wala sehemu iliyokonda. Kilichobaki kilikuwa urefu wa jicho. Mashine ya kuupima kwa mwanga hatuna, kwa hiyo tuliwaelekeza Mombasa: milimita 24.31 kulia, 24.22 kushoto. Kwa msichana wa miaka minane hilo ni jicho refu.

Urefu huo ndio kiini cha jambo. Jicho la Z. linarefuka kupita kiasi, na taswira ya kitu kilicho mbali inaangukia mbele ya retina badala ya juu yake. Milimita moja ya ziada ni karibu dayopta mbili na nusu. Miwani ya kawaida huirudisha taswira mahali pake, lakini haizuii jicho kuendelea kukua, na jicho likisharefuka halirudi nyuma. Namba ikizidi −6, hatari ya retina kubanduka, ya presha ya macho na ya kuharibika sehemu ya katikati ya retina hupanda sana. Z. alianza mapema, anapanda kwa karibu dayopta moja kila mwaka, na mzazi wake mmoja ana namba kubwa. Hakukuwa na sababu ya kungoja tuone.

Njia zilizokuwapo, na nyumba zilimopaswa kuingia

Kuchagua kulichukua muda mrefu kuliko kupima. Njia zenye ushahidi wa kupunguza kasi hiyo si nyingi, na tulitaka kila moja ijaribiwe kwanza kwenye maisha ya Z.

Lenzi ngumu za usiku, zinazowekwa juu ya jicho lenyewe, tuliziondoa mapema. Mtoto hulala nazo, zinaibana konea, asubuhi anazivua na kushinda bila miwani. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa zilipunguza kurefuka kwa jicho kwa asilimia 43 katika miaka miwili. Lakini hazitakiwi kuguswa na maji ya bomba wala ya kisima, kwa sababu vimelea wanaoishi ndani ya maji hayo wanaweza kuila konea, na nyumba ya Z. inatumia kisima kwa kila kitu isipokuwa kunywa. Isitoshe, konea ikiingia maambukizi kila saa ina thamani yake. Mtoto angepaswa kuvushwa kwa boti hadi Mokowe, kisha apande basi hadi huku, na ikiwa usiku, asubiri kupambazuke.

Lenzi laini za kutupa kila siku, zenye nguvu mbili, ziliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa watoto wanaoanza wakiwa na miaka 8 hadi 12. Katika utafiti wa miaka mitatu zilipunguza kupanda kwa namba kwa asilimia 59. Hizi Z. alizikataa mwenyewe: hakutaka kidole cha mtu kikaribie jicho lake, na sisi hatukumshurutisha.

Zikabaki njia mbili. Ya kwanza, miwani yenye lenzi maalumu. Katikati ya lenzi hizo mna sehemu safi ya kuonea, na kuizunguka mna mamia ya vilenzi vidogo vinavyoleta mwanga wa pembeni mbele ya retina, jambo ambalo huliashiria jicho lipunguze kurefuka. Aina iliyofanyiwa utafiti Hong Kong ina vilenzi karibu 400. Baada ya miaka miwili, watoto walioivaa walipanda namba kwa asilimia 52 pungufu ya waliovaa miwani ya kawaida, na macho yao yalirefuka kwa asilimia 62 pungufu. Ubaya wake ulikuwa bei, mara kadhaa ya miwani ya kawaida, na kuagizwa kutoka nje.

Ya pili, matone ya atropini ya nguvu ndogo, tone moja kila jicho kabla ya kulala. Hapa baba alikuwa na maoni yake. Nduguye aliyeko Maskati alimwambia huko watoto hutiwa ya 0.01%, haina madhara, basi tuanze na hiyo. Tulimweleza kwa nini hatukuitaka. Utafiti mwingine wa Hong Kong, uliochapishwa mwaka 2019, ulilinganisha nguvu tatu na matone matupu, yasiyo na dawa, kwa mwaka mmoja: 0.05% ilipunguza kupanda kwa namba kwa asilimia 67, 0.025% kwa 43, na 0.01% kwa 27 tu. Kwenye urefu wa jicho, 0.01% ilikaribia kutofanya kitu. Na mwaka 2023 utafiti wa Marekani uliowafuata watoto kwa miaka miwili haukuona tofauti kati ya 0.01% na matone yasiyo na dawa. Kupendwa kwa 0.01%, kwa maoni yangu, kunatokana zaidi na upole wake kuliko kazi yake.

Kukaa nje mchana hatukukuweka kwenye mashindano haya. Ni nguzo ya pembeni kwa mtoto ambaye tayari haoni mbali: huzuia tatizo lisianze kuliko linavyolipunguza likishaanza. Huko Guangzhou, shule zilizoongeza dakika 40 za nje kila siku zilipata baada ya miaka mitatu watoto wapya wasioona mbali asilimia 30.4, dhidi ya 39.5 katika shule nyingine. Tofauti ya maana, lakini ni kwa watoto walioanza wakiwa bado wazima. Kwa Z. tuliiagiza, kwa mdogo wake, ambaye tutamfikia, ndiyo ilikuwa tiba yenyewe.

Uamuzi wa kwanza

Tuliamua mambo matatu. Miwani ya namba kamili, ivaliwe kutwa nzima. Bibi hakufurahi. Tulimweleza kwamba huko Malaysia, mwaka 2002, watoto waliopewa makusudi miwani dhaifu walipanda namba haraka kuliko waliopewa kamili. Hakujibu, ila tangu siku hiyo hakumvua Z. miwani tena.

La pili, atropini ya 0.05% kila usiku. Sababu kubwa ilikuwa fedha: familia ingeweza kumudu chupa ya kila mwezi, si jozi ya lenzi maalumu kwa mkupuo. Dawa hiyo haiuzwi tayari madukani kwetu. Huchanganywa na mfamasia Mombasa, hukaa kwenye friji, na ikishafunguliwa hutumika mwezi mmoja. Tulipanga isafirishwe na basi ndani ya flaski ya chai yenye barafu, na ndugu wa familia aipokee Mokowe. Kwa kuwa hupanua mboni kidogo, tulishauri kofia yenye ukingo. Kuta za mawe zilizopakwa chokaa mchana wa Lamu zinaakisi mwanga kuliko mtu anavyodhani.

La tatu, nje. Mwalimu wa chuo alikubali kuhamisha kundi la Z. kutoka chumba cha ndani kwenda barazani, na mama akakubali kwamba kati ya kutoka chuo na adhana ya magharibi hakuna simu wala daftari. Jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na dakika arobaini mwaka mzima, kwa hiyo muda huo upo siku zote. Watoto wa nchi zenye baridi hupanda namba haraka zaidi majira ya baridi, wanapofungiwa ndani. Lamu haina kisingizio hicho. Ina Ramadhani, ambapo watoto hulala mchana na kusoma usiku, na tulilizungumza hilo mapema.

Chupa ya nne

Miezi mitatu ya kwanza ilikwenda vizuri. Z. alilalamika jua siku chache za mwanzo, akazoea. Kisha Mto Tana ukafurika, barabara ya Garsen ikakatika, na chupa ya nne haikufika.

Mama alifanya ambalo mama yeyote mwenye bidii angelifanya. Alikwenda duka la dawa na chupa tupu mkononi, akauliza kama wana atropini. Walikuwa nayo. Ilikuwa ya 1%, ile inayotumika kwa magonjwa mengine ya macho, mara ishirini ya aliyoandikiwa. Jina lilikuwa lile lile, na kwa mtu asiyezoea desimali, moja na sufuri nukta sufuri tano hazina tofauti ya kutisha.

Asubuhi ya pili Z. aliamka mboni zikiwa zimejaa karibu rangi yote ya jicho. Hakuweza kutoka kichochoroni bila kufumba macho, na kitabuni aliona ukungu mtupu. Mama alitupigia simu. Tuliuliza kwanza juu ya homa, mdomo kukauka, uso kuwa mwekundu na maneno ya kupayuka, maana kwa mtoto mdogo atropini nyingi inaweza kuleta sumu mwilini. Hakuwa na lolote kati ya hayo. Alimwona tabibu hapo hapo Lamu siku hiyo, dawa ikasimamishwa, na tukawaeleza kwamba hali hiyo ingechukua wiki moja hadi mbili. Ilichukua siku kumi. Shule alikosa, chuoni alihudhuria kwa kusikiliza tu.

Kilichotusumbua zaidi kilikuja baadaye. Chupa sahihi ilipopatikana, Z. aliikataa. Alilia kila usiku, na mama, aliyekuwa anajilaumu, hakumlazimisha.

Kubadili njia

Miezi sita tangu kuanza walirudi. Namba −2.75 kulia, −2.50 kushoto, urefu ulikuwa umeongezeka kwa milimita 0.14 jicho la kulia. Si vibaya, lakini dawa ilikuwa imetiwa kwa miezi mitatu tu kati ya sita, na hakukuwa na dalili kwamba ingerudi kutiwa vizuri.

Tulipendekeza lenzi maalumu. Ami wa Maskati, ambaye ushauri wake wa dozi tuliukataa, ndiye aliyelipia lenzi, na katika barua yake ya sauti hakuacha kutukumbusha. Vipimo tulivichukua sisi. Kwa lenzi za namna hii kazi ya fremu ni kubwa kuliko kwa miwani ya kawaida: kitovu cha lenzi kikae mbele ya mboni sawasawa, na fremu isiteleze. Miwani ikishuka puani, mtoto anachungulia juu ya sehemu yenye kazi.

Na hapo ndipo mtandio ulipoingia. Z. alikuwa anapitisha mikono ya miwani juu ya mtandio, na kila alipoinama kusoma miwani ilishuka. Chini ya mtandio, mikono ilimbana masikioni. Mama ndiye aliyepata dawa: fremu ya plastiki nyepesi yenye mikono iliyonyooka, mkanda laini nyuma ya kichwa, yote chini ya mtandio wa pamba. Tangu hapo tumewaonyesha wazazi wengine ufundi huo.

Tulimwambia lengo ni saa kumi na mbili kwa siku. Katika utafiti wa China wa lenzi za aina inayokaribiana na hizi, waliozivaa kwa saa hizo au zaidi walifaidika kwa asilimia 67, wakati wastani wa wote ulikuwa asilimia 55.

Matokeo

Mwezi wa tano wa lenzi mpya, miwani ilivunjika kwenye mchezo ufukweni. Kusubiri jozi nyingine kulichukua wiki tano, na wakati huo Z. alivaa miwani yake ya zamani ya kawaida. Aliona, alisoma, hakuna aliyeingiwa na hofu.

Mwaka mmoja baada ya kubadili: −3.00 kulia, −2.75 kushoto. Jicho la kulia lilikuwa limerefuka kwa milimita 0.19 katika miezi kumi na miwili, likipimwa kwa mashine ile ile ya Mombasa. Jicho la mtoto mwenye umri huo asiye na tatizo hurefuka takriban milimita 0.1 kwa mwaka. La mtoto asiyeona mbali na asiyetibiwa mara nyingi huzidi 0.3.

Mdogo wake wa kiume, miaka sita, tulimpima siku hiyo hiyo kwa matone. Alikuwa na +0.50, anaona vizuri kabisa. Mtoto wa miaka sita anatarajiwa awe na akiba (namba ya upande wa kujumlisha, ambayo hupungua jicho linapokua) zaidi ya +0.75, aliye chini ya hapo ana uwezekano mkubwa wa kuanza kutoona mbali miaka inayofuata. Hakupewa dawa wala miwani. Alipewa saa mbili za nje kila siku, na hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Uchambuzi

Mtoto mmoja hana wa kulinganishwa naye, na kasi hupungua yenyewe kadiri umri unavyosonga. Z. alikuwa na miaka minane alipoanza, na karibu kumi kwenye kipimo cha mwisho. Sehemu ya nafuu hiyo ni ya umri. Siwezi kusema lenzi zilimsaidia kiasi gani hasa, na yeyote anayemwonyesha mzazi asilimia za utafiti kana kwamba ni ahadi kwa mwanawe anamdanganya.

Ninachoweza kusema ni kuhusu namna ya kuchagua. Kwenye karatasi, 0.05% na lenzi maalumu zinakaribiana sana, na matone yalikuwa nafuu kwa mwezi. Tofauti ilionekana njia ilipokatika. Lenzi zilipovunjika, mtoto alirudi kwenye miwani ya kawaida akapoteza wiki tano za kinga, basi. Dawa ilipokosekana, pengo lilijazwa na chupa nyingine yenye jina lile lile. Kwa familia inayoishi Nairobi, karibu na mfamasia, hesabu hii inaweza kugeuka kabisa, na nisingesita kuanza na matone. Kwa Lamu sasa huuliza kwanza: wiki ambayo kitu hiki hakitapatikana, nyumbani watafanya nini? Jibu likiwa "tutatafuta dukani", siandiki matone kabla ya kukaa nao tena.

Matone hatujayaacha. Kila chupa sasa huenda na kadi ya Kiswahili inayosema dawa ikikosekana usinunue nyingine, mtoto alale bila, na ina nambari ya simu. Mchoro wa mboni mbili, ndogo na iliyopanuka, umesaidia kuliko maneno.

Kupima urefu wa jicho kulilipa gharama ya safari. Kwa namba ya miwani peke yake, robo dayopta ni tofauti ambayo wapimaji wawili wanaweza kuitoa kwa jicho moja siku moja, na tungekuwa tunabishana kuhusu vumbi. Asiye na mashine anaweza bado kufuatilia, ila apime kwa matone kila mara na asikimbilie kusifu wala kulaumu tiba kabla ya mwaka.

Kilichoshindikana kabisa ni simu ya usiku. Baada ya isha Z. bado huishika, kitandani, sentimita chache kutoka usoni, na miwani ikiwa imevuliwa. Mama amejaribu. Sisi tumehubiri. Kwenye chuo, kinyume chake, badiliko limedumu bila msukumo wowote kwa sababu barazani kuna upepo na mwalimu mwenyewe amepapenda.

Kipimo kijacho ni baada ya miezi sita. Tumekubaliana na wazazi wote wawili, safari hii baba akiwapo, kwamba jicho la kulia likirefuka kwa zaidi ya milimita 0.15 katika kipindi hicho tutaongeza atropini ya 0.025% juu ya lenzi, chupa mbili zisizofunguliwa zikiwa friji kwa ami mdogo Mokowe kabla ya masika. Z. ameulizwa pia. Amesema atakubali tone likitiwa na bibi.